Mtoto wa miaka 3, jicho linaingia ndani: namba mbili tofauti za miwani, nifuate ipi?

MamaNasra_Moro

Habari zenu wataalamu na wazazi wenzangu. Naomba mnieleweshe kabla sijatoa hela ya miwani.

Binti yangu ana miaka 3 na miezi 4. Jicho lake la kushoto linaingia ndani, kuelekea puani. Lilianza kwa kuja na kuondoka: jioni akichoka, akiwa na mafua, au akiangalia kitabu cha picha. Sasa linaingia karibu kila akikaza macho kutazama kitu. Akitazama mbali bila kujali sana, macho yanakaa sawa.

Dukani walimkalisha kwenye mashine bila dawa yoyote, karatasi ikatoka na kulia +1.50, kushoto +1.75. Hospitali ya rufaa walimwekea matone, tukasubiri, kisha daktari akammulika kwa tochi huku akibadilisha lenzi mkononi. Akaandika hivi:

Kulia: +4.50
Kushoto: +5.50 / -0.75 x 180
Uoni kwa picha, akiwa na lenzi za majaribio: kulia 6/9, kushoto 6/18
Miwani muda wote. Arudi baada ya wiki 6.

Tofauti hii imenichanganya. Halafu huyu mtoto anaokota hata punje ya mchele sakafuni, sasa +5 inatoka wapi? Na kuna jambo limenitisha zaidi: alipovishwa ile fremu ya majaribio jicho lilinyooka, ilipovuliwa likaingia kuliko mwanzo. Mama mkwe anasema miwani ndiyo itakayomharibu, tusubiri akue yataisha yenyewe, au tutafute upasuaji yaishe mara moja. Nifuate lipi?

Optom_Kaskazini

Pole dada. Fuata karatasi ya hospitali. Ile ya dukani usiifanyie kazi hata kwa muda.

Jicho la binti yako ni fupi kidogo kuliko nguvu yake ya lenzi inavyotaka, kwa hiyo picha inakutana nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea picha. Milimita 1 ya ufupi inaleta karibu daiopta 3 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndizo hizo namba za miwani), maana yake tunazungumzia upungufu usiofika milimita 2. Mtoto anaweza kuuziba mwenyewe: msuli ulio ndani ya jicho unabana, lenzi inanenepa, picha inarudi mahali pake. Umri huu wana akiba kubwa, daiopta 14 na zaidi, ndiyo maana punje ya mchele anaiona. Ila anaiona kwa kazi. Akitazama mbali, ambako mtoto mwingine amepumzika kabisa, yeye tayari anatumia daiopta 5. Akishika kitabu sentimita 33 kutoka usoni anatumia 8, na mwenzake anatumia 3.

Makengeza yanaingilia hapo. Ubongo umefunga amri mbili pamoja: kukaza lenzi, na kugeuza macho yote mawili kuelekea pua. Huwezi kutoa moja bila nyingine kufuata. Mtoto anayekaza daiopta 5 au 8 siku nzima anapokea pia amri ya kugeuza macho ambayo hakuihitaji. Akiwa na nguvu anaizuia. Akichoka, akiumwa au akikaza zaidi kwa kitu cha karibu, anashindwa, na jicho moja linaingia. Maelezo yako ya jioni, mafua na kitabu cha picha ni ya makengeza ya aina hii hasa, na umri wa miaka 2 hadi 3 ndio yanapoanza mara nyingi.

Sasa ile mashine. Mtoto akichungulia ndani yake anakaza macho, na mashine inapima kile kilichobaki baada ya kukaza. +1.50 ni mabaki tu. Matone ya siklopentoleti au atropini yanalegeza ule msuli ili jicho lipimwe likiwa limepumzika. Kwa macho meusi na ya kahawia dawa inachelewa kushika: siklopentoleti ya 1% huwekwa tone moja, likarudiwa baada ya dakika 5 hadi 10, na kipimo hufanyika dakika 30 hadi 45 baadaye. Aliyepimwa dakika ya 15 kwa sababu foleni ni ndefu hajapimwa vizuri. Kliniki nyingi huchagua atropini kwa watoto wenye makengeza, mzazi anaweka nyumbani mara 2 kwa siku kwa siku 3 kabla ya kipimo. Daktari wako alitumia tochi na lenzi za mkononi kwa sababu kwa mtoto mdogo njia hiyo, baada ya matone, ndiyo ya kuaminika.

Jicho kuingia zaidi miwani ikivuliwa: utaliona sana nyumbani, na linawafanya wazazi wengi waifungie miwani kabatini. Halimaanishi miwani imedhoofisha macho. Mtoto akishaonja kuona vizuri bila kukaza, anaacha zile mbinu za kuvumilia ukungu kidogo. Ukivua, anataka uoni uleule mara moja, anakaza daiopta zote 5, na jicho linafuata. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba macho yanapaswa kuhukumiwa miwani ikiwa usoni. Yakiwa yamenyooka hapo, tiba inafanya kazi.

Kusubiri akue ndiyo hatari yenyewe. Jicho linaloingia linatuma picha isiyolingana na ya mwenzake, na ubongo wa mtoto unaizima ili asione viwili. Likizimwa muda mrefu linakuwa jicho vivu: halina kidonda, halina ugonjwa, lakini halijajifunza kuona. 6/18 ya kushoto, yaani linaona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida huona kwa mita 18, inaonyesha limeshaanza. Tena namba ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia kwa daiopta 1, na macho yote mawili hukaza kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kulia kukipata picha safi kushoto kunabaki na ukungu hata siku ambazo hakuna makengeza. Kadiri anavyoanza mapema ndivyo linavyorudi kirahisi. Baada ya miaka 7 au 8 bado inawezekana, ila kazi inakuwa ndefu na matokeo madogo.

Kuhusu upasuaji, makengeza yanayonyooka yote kwa miwani hayapasuliwi. Upasuaji unasogeza misuli ya nje ya jicho. Haurefushi jicho na hauondoi +5. Ukimpasua mtoto huyu badala ya kumvisha miwani, ataendelea kukaza, na baadaye macho yanaweza kukimbilia nje. Upasuaji unafikiriwa pale ambapo baada ya kuvaa namba kamili muda wote, kwa miezi kadhaa, bado kuna sehemu ya makengeza iliyobaki.

Mdau_Nairobi

Nakubaliana na maelezo hayo, ila kuna desturi ya kumpunguzia mtoto namba ili azoee, mathalani kuanza na +3.00 halafu kupanda. +5.50 ghafla si atakataa kuvaa?

Optom_Kaskazini

Kupunguza kunaruhusiwa kwa mtoto mwenye plasi (namba ya +) kubwa ambaye macho yake yamenyooka. Huyo unaweza kumtolea daiopta 1 hadi 1.50 sawasawa pande zote mbili, akabaki vizuri. Mwenye makengeza ya kuingia ndani anapewa namba kamili iliyotoka baada ya matone, hasa chini ya miaka 5 au 6. Ukimwandikia +3.00 unamwachia daiopta 2 za kukaza, na hizo zinaweza kutosha kulivuta jicho. Mzazi ataona makengeza yako palepale, ataamua miwani haisaidii, na mtoto hatarudishwa tena kliniki.

Siku za mwanzo mtoto huchungulia juu ya miwani kwa sababu msuli umezoea kubana na hauachii kwa siku moja. Mbali anaona ukungu mpaka uachie. Inasaidia kumvisha asubuhi akiamka tu, kabla hajaanza kukaza, na kumpa shughuli anayoipenda mara baada ya kuvaa. Akivua, mrudishie bila ugomvi, hata kama ni mara 20 kwa siku. Wiki 2 zikipita na bado anaikataa kabisa, usimlaumu mtoto. Rudi: mara nyingi fremu inamuumiza, au lenzi zimetengenezwa vibaya. Vyote viwili vikiwa sawa, daktari anaweza kutoa atropini kwa siku chache ili msuli ulegee na mtoto aone kwamba kwa miwani ndipo anapoona.

FundiLenzi_Dar

Niongeze upande wa miwani yenyewe, kwa sababu namba sahihi kwenye fremu mbaya ni hela iliyopotea.

Fremu ya mtoto huyu iwe ndogo na ya duara au ya mviringo. Lenzi ya plasi inanenepa katikati, na fremu ikiwa kubwa fundi analazimika kuanza na kipande kikubwa cha lenzi, hivyo katikati inanenepa zaidi na miwani nzima inakuwa nzito. Kwa +5.50 fremu pana inaweza kufanya miwani iteleze kila baada ya dakika. Mboni ya jicho ikae katikati ya fremu, na ukingo wa juu ufike karibu na nyusi, la sivyo mtoto atatazama kwa juu, na akitazama kwa juu ni sawa na hajavaa.

Pua ndipo penye shida kubwa. Fremu nyingi zinazoletwa zimechongwa kwa pua iliyoinuka, na watoto wetu wengi wa miaka 3 bado daraja la pua liko chini. Miwani inakalia mashavu na akicheka inapanda. Chagua fremu yenye vijipedi vya silikoni vinavyokunjika kwa koleo, au ile ya mpira laini yenye daraja la chini. Mikono izunguke nyuma ya sikio au iwe na lastiki ya kupita kisogoni. Lastiki isikazwe mpaka ikaacha alama. Kidole kimoja kipite chini yake.

Lenzi ziwe za polikaboneti, plastiki ngumu, kama unaweza kuzipata. Haivunjiki vipande, na mtoto wa umri huu lazima ataanguka nayo. Inachubuka haraka, kwa hiyo uliza kama ina mipako ya kuzuia mikwaruzo. Ikikosekana chukua plastiki ya kawaida, lakini kioo halisi kisikaribie uso wa mtoto.

Kisha umbali kati ya mboni na mboni. Kwa mtoto wa umri wake huwa karibu milimita 50. Hakikisha umepimwa na umeandikwa kwenye oda. Akiwekewa vituo vya lenzi milimita 60 kwa kukisia, kila lenzi imehama milimita 5. Chukua sentimita 0.5, zidisha kwa nguvu ya lenzi: kulia 2.25, kushoto 2.75, jumla daiopta 5 za prizimu, yaani nguvu ya kupindisha mwanga upande, ambazo hakuna daktari aliyeziandika. Zinachosha macho na zinavuruga vipimo vya makengeza akirudi kliniki.

Ukiichukua miwani, mwombe fundi aiweke kwenye mashine ya kusomea lenzi mbele yako, alinganishe na karatasi. Kama hukufanya hivyo, kuna ukaguzi wa nyumbani. Simama mchana kwenye chumba chenye giza kidogo, mkabala na dirisha lenye mwanga, mti au jengo likiwa mbali huko nje. Shika lenzi sambamba na ukuta mweupe ulio upande wa pili wa dirisha, isogeze taratibu mpaka picha ndogo ya huko nje itokee ukutani, imepinduka juu chini. Pima kwa rula kutoka lenzi hadi ukutani. Gawanya 100 kwa sentimita ulizopata na jibu ni nguvu ya lenzi. Kulia, +4.50, picha itoke karibu sentimita 22. Kushoto, +5.50, karibu sentimita 18, na kwa sababu ya silinda (ile -0.75 x 180) haitakuwa kali sana. Ikitoka sentimita 67 umepewa +1.50. Ikitoka 18 kulia na 22 kushoto, lenzi zimebadilishana pande, na hilo hutokea kweli. Usifanye kwa jua: lenzi hizi zinakusanya miale na zinaunguza, na kwa sababu hiyohiyo miwani isiachwe juani juu ya karatasi au kanga.

Kusafisha ni maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, halafu kitambaa laini. Kuifuta ikiwa kavu kwa shati lenye vumbi ndiko kunakoipa mikwaruzo. Irudishe dukani ikunjwe upya kila miezi 2 au 3. Mtoto anakua, na skrubu zinalegea.

MamaNasra_Moro

Mungu awabariki, sasa nimeelewa ile mashine ilikosea wapi. Nimeandika maswali ya kwenda nayo. Daktari alitaja kwamba akirudi huenda akaanzishiwa kufunikwa jicho. Ni jicho lipi linalofunikwa, na kwa nini wasianze sasa hivi? Na je, mdogo wake wa miezi 9 nimpeleke?

SistaMacho

Dada, linalofunikwa ni jicho zuri, kwa hiyo kwa Nasra ni la kulia, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Anayefunika jicho linaloingia anazidi kulizamisha, na kosa hili linafanyika nyumbani kila siku kwa nia njema.

Hawaanzi sasa kwa sababu miwani peke yake ni tiba ya jicho vivu. Watoto wengi hupanda mistari 2 au zaidi ya chati kwa miwani tu, na baadhi hawahitaji kufunikwa kabisa. Uoni unaweza kuendelea kupanda hadi wiki 16 au 18 tangu avae. Kwa hiyo wiki ya 6 watapima, na kama bado unapanda wanaweza kusubiri. Ukisimama, wanaanza kufunika. Mtoto aliyevaa saa 3 kwa siku hatawapa jibu la maana, wataona 6/18 ileile na hawatajua kama tatizo ni jicho au ni kabati.

Uoni wa 6/18 unahesabiwa kuwa wa kati. Majaribio ya kitabibu ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003 yalilinganisha saa 2 na saa 6 za kufunika kwa siku kwa watoto wa kiwango hicho, matokeo yakawa sawa. Kwa walio chini zaidi, 6/30 na kushuka, saa 6 zilitosha sawa na kufunika karibu siku nzima. Kwa hiyo ukiambiwa saa 2, fanya saa 2 kamili kila siku. Usifanye saa 10 Jumamosi kufidia wiki nzima.

Plasta ya jicho inabandikwa kwenye ngozi, miwani inakaa juu yake. Kitambaa kilichofungwa juu ya lenzi kina upenyo pembeni, na mtoto ataupata. Kama plasta maalumu hazipatikani, chukua pamba iliyofungwa ndani ya gozi, ukubwa wa kufunika jicho lililofumba, ibane kwa plasta ya karatasi kutoka paji hadi shavuni, isiguse nywele za nyusi. Kabla ya kubandua lowesha kingo kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi ikiwa nyekundu badilisha mwelekeo wa plasta kila siku, na ikichubuka pumzika siku 1 au 2. Ndani ya saa hizo mpe kazi ya macho: kupaka rangi ndani ya mistari, kutunga shanga kubwa, kuchambua mchele akiwa na wewe, kutafuta vitu kwenye picha. Mkae wote kwa sababu atakuwa anaona kwa jicho dhaifu. Ngazi, jiko na barabara si za wakati huo.

Njia nyingine, akikataa plasta, ni atropini ya 1% kwenye jicho zuri, tone 1 Jumamosi na tone 1 Jumapili. Linafifia kwa karibu na jicho vivu linachukua kazi. Hii inaandikwa na daktari tu. Ukiweka tone, bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika 1 hadi 2 dawa isishuke kooni, futa iliyobaki, nawa mikono yako na yake. Uso ukiwa mwekundu, ngozi ya moto na kavu, mdomo mkavu, moyo unaenda mbio au mtoto anaweweseka, acha dawa na mwahishe hospitali. Chupa ikae juu kabisa, kwa sababu kunywa kidogo tu kunaweza kumdhuru mtoto vibaya. Mboni hubaki pana wiki 1 hadi 2 baada ya tone la mwisho, kwa hiyo kofia inahitajika juani.

Wakati wa kufunika arudi kila wiki 6 hadi 8 hivi, kwa sababu jicho zuri nalo linaweza kushuka. Usiache plasta ghafla siku uoni ukisawazika bila kuambiwa. Baadhi hurudi nyuma, ndiyo maana hupunguzwa taratibu na mtoto huendelea kufuatiliwa.

Mdogo wake, ndiyo, mpeleke. Makengeza ya namna hii yanatembea kwenye familia. Kichanga kupishanisha macho mara mojamoja hadi miezi 3 au 4 ni kawaida. Baada ya hapo, jicho linaloingia lipimwe. Kwa sasa unaweza kumpiga picha ya simu yenye flashi akiwa ametazama kamera moja kwa moja, kama mita 1. Tazama nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Zikikaa mahali pamoja pande zote, macho yamenyooka hata kama yanaonekana kuingia, kwa sababu daraja pana la pua na ngozi ya kona ya ndani hufunika weupe wa jicho na kudanganya. Nukta moja ikihama kuelekea sikioni, jicho hilo limeingia. Picha haichukui nafasi ya kipimo cha matone, ila itakusaidia kumweleza daktari. Akiwa chini ya mwaka 1, ukumbushe wahudumu: siklopentoleti ya wachanga ni ya 0.5%.

Na kwenye picha hiyohiyo, mboni ikionyesha weupe au njano kama ya jicho la paka badala ya wekundu au weusi, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa saratani ya retina, na makengeza huwa ishara yake ya pili kwa kuonekana sana. Ndiyo maana kila mtoto mwenye makengeza lazima nyuma ya jicho litazamwe mboni ikiwa pana. Uliza kama Nasra alitazamwa. Kwa kuwa aliwekewa matone, huenda imeandikwa kwenye faili lake.

Optom_Kaskazini

Sista amemaliza sehemu kubwa. Kuna mambo mengine ya haraka usiyasubirishe: makengeza yaliyokuja ghafla na kukaa muda wote pamoja na kichwa kuuma au kutapika, jicho lisiloweza kutoka nje kuelekea sikioni, mtoto anayelalamika kuona viwili ghafla, au makengeza baada ya kuanguka na kichwa. Hayo yanaenda dirisha la dharura.

Wiki ya 6 muulize daktari jambo moja kwa jina lake: macho yakoje kwa mbali, na yakoje kwa karibu, miwani ikiwa usoni. Kuna watoto wanaonyooka kabisa kwa mbali lakini kwa kitabu bado jicho linaingia, kwa sababu kwao kila daiopta ya kukaza inavuta macho kupita kiasi. Hao hupewa lenzi ya sehemu mbili, chini ikiwa na nyongeza ya +2.50 hadi +3.00. Kwa mtoto mstari wa kugawa unapita katikati ya mboni au ukingo wake wa chini. Fundi akiuweka chini kama wa mtu mzima anayesoma gazeti, mtoto hataufikia kamwe. Ili uwe na jibu kabla ya kwenda, mtazame akiwa amevaa na ameshika picha yenye vitu vidogo sentimita 33, halafu andika jicho linafanya nini. Taa pekee haitoshi kumjaribu, kwa sababu taa haimlazimishi kukaza. Inahitajika picha yenye vitu vya kutambua.

Namba itapimwa tena kwa matone angalau mara 1 kwa mwaka, na mapema zaidi kama jicho limeanza kuingia akiwa na miwani. Usishtuke ikipanda kidogo. Plasi ya watoto hawa mara nyingi huongezeka hadi miaka 6 au 7, kisha huanza kushuka. Ikishuka, tunapunguza 0.50 kwa wakati kwa sharti la macho kubaki yamenyooka. Wengine huacha miwani ujanani, lakini kwa namba kama +5 wengi hubaki nayo au huhamia lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe (kontakti lenzi). Mazoezi ya macho, karoti na matone ya asili hayarefushi jicho, na tafadhali msimtie maziwa wala dawa za majani, zinaleta vidonda kwenye kioo cha jicho.

Kwa walio mbali na bingwa wa macho ya watoto: Tanzania jaribuni hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi, Kenya kuna hospitali za Kikuyu na Sabatia. Mkipiga simu, ulizeni siku ya kliniki ya watoto na kama mtoto anahitaji kuanza atropini nyumbani. Kama ni ya mafuta, asubuhi ya kipimo msiweke, inaacha ukungu juu ya jicho na kipimo kinasumbua.

Dada, tengeneza jozi mbili kama uwezo upo, hata ya pili iwe ya fremu ya bei nafuu. Na mwalimu wa chekechea aambiwe kwa maandishi kwamba miwani haivuliwi wakati wa michezo wala wa kula, inavuliwa wakati wa kulala na kuoga tu.